Walitaka Ngumi Zake Tu

Niseme mapema kwamba hasira yangu haijaisha, na anayesubiri nipoe atasubiri sana. Mume wangu Metro huniambia, "Verna, yale yamepita." Yamepita wapi? Yule bwana aliyeyafanya amepandishwa cheo.

Hapa Harlan Bluff tunalima ngano na tunacheza hoki, na baridi ikishika tunabaki na hoki peke yake. Timu yetu ya vijana inaitwa Wapura Ngano. Ni timu ya mji mzima, si ya tajiri fulani. Paa la ukumbi wa barafu tulilipandisha wenyewe kwa mikono yetu. Wachezaji ni watoto wanaotoka mbali, wengine wana miaka kumi na sita tu, na kwa kuwa hatuna bweni kila mmoja hupewa nyumba ya kukaa. Mimi na Metro hatukujaliwa mtoto wa kumzaa. Tumelea wachezaji. Tumepata wavunja vitanda, tumepata mmoja aliyedhani sahani hujiosha. Wote niliwapenda, ila Kieran Halkett alinikaa rohoni.

Aliletwa na mama yake, Marcella, kutoka kwao kwa Wakrii, wenyeji wa asili wa huko kaskazini kwenye maziwa, mahali ambapo barabara ikifika inachoka. Marcella ni mwanamke mfupi, mwalimu wa chekechea, na ana sauti ya mtu aliyezoea kutuliza watoto arobaini kwa neno moja. Aliingia jikoni kwangu, akafungua friji bila kuomba ruhusa, akaitazama juu hadi chini.

"Huyu anakula," akaniambia. "Usidanganywe na aibu yake."

"Kwangu aibu haikai, dada. Inafukuzwa na pirogi zangu za kujazwa viazi."

Akacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo tukawa na mtoto mmoja sisi wawili.

Kieran alikuwa na umbo la kumdanganya mtu. Mrefu, mabega mapana kama mlango wa ghala. Mtu akimwona anavaa viatu vya barafu alifikiri, haya, leo kuna watu watavunjwa mbavu. Wapi! Alikuwa beki, na mabeki wengine hukimbilia mwili wa mtu. Yeye alikimbilia kile kisahani cheusi wanachogombania. Akikipata hatazami chini. Anatazama mbali, ametulia kama mtu anayengoja mgeni barabarani, kisha anakipitisha katikati ya miguu ya watu watatu, kinaenda kutua kwenye fimbo ya mwenzake ambaye hata hajafika. Metro ameangalia hoki tangu akiwa kwenye mbeleko. Siku ya kwanza alipomwona alinishika goti, akasema, "Bibi wee, huyu mtoto anaona kesho."

Alipofika miaka kumi na minane jina lake likaanza kutajwa kwenye uteuzi. Kila kiangazi timu kubwa za kulipwa hukaa pamoja na kugawana vijana, kila timu kwa zamu yake, na kabla ya siku hiyo huwaita vijana hotelini kuwahoji. Kieran alipanda ndege kwenda huko mashariki akiwa na suti ya Metro iliyoachiwa mikono. Aliporudi alikuwa kimya. Sikumgusa. Nikampa viazi amenye, maana mtu akimenya viazi huongea mwenyewe.

"Mama Verna," akasema baada ya muda, "wale wa timu moja waliniuliza, nyumbani kwenu wanakunywa wangapi."

"Wanakunywa nini?"

"Pombe."

Kisu kilinisimama mkononi. "Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia mama yangu hanywi, anafundisha chekechea. Halafu mwingine akauliza, ukikumbuka kwenu utatoroka? Maana wenzako wengi hutoroka."

"Wenzako kina nani?"

Aliendelea kumenya, na ganda lilikuwa refu, halikatiki. "Si vibaya," akasema. "Walinisalimia vizuri wakati wa kutoka."

Mnaona mtoto huyo? Ametukanwa, naye anawatafutia udhuru.

Siku ya uteuzi tulijaa sebuleni kwangu. Marcella alikuja na kaka zake wawili na mfuko wa nyama ya kulungu mkubwa wa kaskazini, iliyokaushwa kwa moshi. Majina yakasomwa kwenye runinga hadi macho yakatuuma. Zamu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Katika zamu ya tatu likatajwa lake, na kilichofuata sikijui vizuri, maana nilikuwa chini ya watu. Metro, ambaye hakulia kwenye maziko ya baba yake, alikwenda kwenye korido kujifanya anatafuta koti.

Simu ikalia. Alikuwa bwana aitwaye Brent Lassiter, mkuu wa kukuza vijana wa ile timu iliyomchagua, timu ya kule kusini. Sauti yake ilikuwa laini, imepakwa siagi. "Kieran, karibu kwenye familia!" Ndio haohao waliouliza habari ya pombe, lakini siku hiyo nani alitaka kukumbuka? Marcella alikuwa anacheza katikati ya sebule na soksi.

Basi kanuni yao ni hivi: kijana akishachaguliwa anarudi kwenye timu yake ya vijana, na wale wakubwa wana misimu miwili ya kumkuza na kumpa mkataba. Isipotokea hivyo, haki yao juu yake inakwisha. Katika misimu hiyo miwili ni yao. Wanampigia, wanakuja kumwona, wanamwambia ale nini na alale vipi.

Lassiter alikuja vuli ile, tulipokuwa tumemaliza kuvuna. Nilimwandalia meza. Alikula pirogi kama mtu aliyetoka jela, na akipumzika anamvisha Kieran kilemba cha ukoka. Kipaji chako hiki, moyo wako huu. Halafu akafuta mdomo.

"Sasa tuongee kama wanaume. Pasi zako nzuri sana, lakini wapiga pasi tunao. Tunachokosa ni mtu wa kutisha. Yatazame mabega hayo! Mungu hakukupa mabega hayo ya kupigia pasi."

Kieran aliyatazama mabega yake mwenyewe, kana kwamba ndiyo kwanza anayaona.

"Samahani, bwana," nikaingilia. "Mlipomchagua mlimwona akifanya nini? Si pasi?"

"Mama, sisi tunachagua mali ghafi. Kisha tunaitengeneza."

"Mali ghafi ni ngano. Huyu ni mtoto, na umeketi naye meza moja."

Alicheka sana, akamgeukia Metro. "Mkeo ana vichekesho!" Akanyoosha sahani aongezwe. Nikamwongeza. Sijawahi kujuta chakula maishani mwangu kama zile pirogi.

Tangu hapo simu ya Kieran haikupumzika. Video za watu wakipigana, moja baada ya nyingine. Katika mchezo huu ngumi haziruhusiwi, lakini zinavumiliwa: wawili wanatupa glavu, wanapigana hadi mmoja aanguke, waamuzi wanangoja pembeni kama watu wanaongoja basi, kisha kila mmoja anakwenda kukaa dakika tano kwenye kibanda cha adhabu, ukumbi unashangilia. Timu huwa na mtu wake wa kazi hiyo. Hawakumwambia Kieran waziwazi kwamba wamemchagua kwa hiyo. Walimtia ndimu tu, kidogo kidogo.

Na kocha wetu, Doug Amundson, alikuwa upande wao. Metro alimfuata kwenye duka la ushirika, mbele ya magunia ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani.

"Doug, unamfundisha nini yule mtoto?"

"Metro, mikono yangu imefungwa. Wale ndio wanaowapeleka vijana juu."

"Imefungwa? Mbona jana niliiona ikimsukuma barafuni apigane?"

"Wee, usiniletee. Kila kocha ana bosi."

"Bosi wako ni huu mji, Doug. Au umeshahamia kusini, bado mwili tu?"

Watu walicheka. Amundson akachukua gunia lake akaondoka, na kusikia hakusikia.

Pambano la kwanza la Kieran nililiona kwa macho yangu. Kijana wa upande wa pili alikuwa mwembamba, ana jina refu la Kislovakia mgongoni. Kocha alipiga kelele kutoka kwenye benchi, Kieran akatupa glavu, na kabla sijafumba macho yule mtoto alikuwa chini, damu kwenye barafu. Ukumbi wote ukasimama. Halafu kutoka benchi za juu nikasikia sauti. Watu wazima wanapiga viganja midomoni na kutoa ukelele, ule wa Wahindi Wekundu wa kwenye sinema. Wanampongeza, ati.

Metro alisimama akageuka nyuma. Ana goti bovu, lakini alisimama.

"Nani huyo? Hebu asimame nimwone!"

Alikuwa mtu tunayemjua, fundi anayetutengenezea tanuri la kupashia nyumba joto kila msimu. "Aa, Metro, ni furaha tu ya mchezo."

"Mama yake anasikiliza redioni saa hii. Haya, piga tena, apate kusikia vizuri."

Hakupiga. Lakini wiki iliyofuata walipiga wengine, na iliyofuata hiyo wakawa wengi zaidi, na kamati ya timu ikasema hawawezi kumziba kila mtu mdomo. Tanuri letu tangu wakati huo tunaletewa fundi kutoka mji wa pili.

Kieran alirudi nyumbani mikono imevimba, hawezi kushika uma. Nikamwekea vipande vya barafu kwenye bakuli, akazamisha vidole. "Yule jamaa alikuwa anasema basi," akaniambia. "Anasema basi, basi, nimekoma. Nilimsikia, Mama Verna. Nikaendelea kwa sababu kocha alikuwa anasema niendelee."

Simu ikatoa mlio. Akaisoma, akaisukuma kwangu. Lassiter alikuwa ameandika: Huyo ndiye Kieran tunayemtaka!

Hivyo ndivyo wanavyokuza vijana. Mnajua mkulima akiona mche wa tufaha anafanya nini? Anaumwagilia maji, anaungoja. Hawa waliuona mche wa tufaha wakaukata kutengeneza rungu, kisha wakataka tuwapigie makofi kwa ufundi wao.

Msimu wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Pasi zake zilipotea. Aliambiwa akipata kisahani akitupe tu ukutani, aende kugonga watu. Kwenye simu na mama yake alikuwa akisema ndiyo, niko sawa, ndiyo. Nyumbani alilala sana. Mara mbili nilimwambia, "Mwanangu, waambie hutaki." Alinijibu, "Kule kwetu shuleni wamebandika picha yangu, Mama Verna. Watoto wanaipitia kila asubuhi."

Kisha ikaja ile Januari. Walipambana na timu ya jirani, na Kieran akapigana na mtu wa kimo chake. Walishikana jezi wakazunguka kama walevi harusini, kofia yake ngumu ikachomoka, wakaanguka pamoja, yeye chini. Wanaoishi na barafu wanaijua sauti ya kichwa kitupu kikiigonga. Ukumbi mzima ulisema "ah" kwa pamoja. Hata wale wa juu walinyamaza.

Alitembea mwenyewe kutoka uwanjani. Kocha akampigapiga mgongoni. Lakini nyumbani alitapika, akaomba nifunge mapazia, na mbwa wetu Bohun alipomjia alimwita kwa jina lingine. Baadaye Marcella aliniambia hilo lilikuwa jina la mbwa waliyekuwa naye Kieran akiwa mdogo, amekufa zamani. Daktari wa hospitali yetu alimpima akasema ubongo umetikisika. Apumzike, asiguse barafu hadi yeye mwenyewe atakaposema.

Siku ya tatu, Lassiter alipiga simu. Jumamosi bosi wao mkuu anakuja kwa ndege kumwona Kieran kwa macho yake kabla ya kuamua habari ya mkataba. Daktari wao huko kusini amezungumza na Kieran kwa video, anaona yuko safi.

"Kwa video?" nikauliza. "Bwana, mimi hata nyama siinunui kwa video."

Nilijua nikibishana tu nitashindwa. Nikaenda chumba cha chini, nikachukua viatu vyake vya barafu, nikavitia ndani ya jokofu kubwa, chini ya majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama. Viatu hivyo hupimwa kwa mguu wa mtu mwenyewe, huwezi kuazima. Amundson alipokuja kuvichukua nilimpokea mlangoni, sikumkaribisha ndani.

"Verna, viatu viko wapi?"

"Vimelala. Vinaumwa kichwa."

"Usinifanyie hivyo. Unajua nani anakuja Jumamosi?"

"Hata akija Papa wa Roma. Doug, mtoto hajui jina la mbwa."

Akatazama pembeni. Namfahamu Doug tangu yuko mtoto, akiniibia cheri zangu. Kwa muda mfupi nilidhani ataniambia, sawa, mwache apumzike. Badala yake akatoa simu mfukoni, akampigia Lassiter, akaiweka sauti ya juu, akainyoosha kuelekea kwangu kama mtu anayemwonyesha paka panya.

"Bi Prystupa," ikasema ile sauti ya siagi, "kwa heshima zote, wewe ni mwenye nyumba tu. Si mama yake."

"Kweli kabisa," nikasema. "Mama yake yuko njiani."

Hakuwa njiani. Lakini nilipofunga mlango nilimpigia, na sikumaliza sentensi ya pili nikasikia funguo za gari.

Jumamosi adhuhuri tulikutana ofisini kwa timu. Lassiter alikuwa na koti refu zuri na viatu vya mjini vilivyolowa theluji. Amundson aliegemea ukuta. Kieran alikaa kwenye kiti amevaa miwani ya jua, kwa sababu ya taa. Marcella aliingia na buti zake, hajavua kofia, ameendesha gari tangu gizani. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakinusa kama mtu anavyonusa kichanga. Halafu ndipo akageuka.

"Nani hapa anasema acheze?"

"Mama Halkett," akaanza Lassiter, "tunaelewa hisia zako. Lakini Kieran ana miaka kumi na tisa. Ni mtu mzima. Mwache aamue mwenyewe."

Wote tukamtazama Kieran. Na Kieran, jamani, akasema, "Nitacheza."

Lassiter alifungua mikono kama padri: mmesikia wenyewe.

"Niko sawa, mama," Kieran akaendelea, polepole, anatafuta maneno. "Watu wote kule wanangoja. Nikikosa leo..." Akanyamaza. Sijui kama alisahau alichotaka kusema au alikiogopa.

Marcella alipiga magoti mbele ya kile kiti, akamvua miwani, akamwambia jambo kwa lugha yao. Hakupaza sauti. Aliongea kama anayefunga kamba za viatu vya mtoto. Kieran alisikiliza, kidevu kikaanza kumtetemeka, akafunika uso kwa ile mikono yake iliyojaa makovu. Baadaye nilimuuliza Marcella alimwambia nini. Akasema, "Nilimwambia watoto wale picha hawana haja nayo. Wanataka arudi akiwa bado anayakumbuka majina yao."

"Hatacheza," akasema, na kusimama.

Lassiter alishusha pumzi. "Basi na sisi tutajua la kufanya."

"Kabla hujajua la kufanya, nijibu kwanza. Mlimuuliza mwanangu nyumbani kwetu wanakunywa wangapi. Yule Mswidi mliyemchagua wa kwanza mwaka uleule, naye mlimuuliza baba yake analewa mara ngapi?"

"Kila kijana anaulizwa maswali magumu, mama. Ni utaratibu."

"Nimekuuliza kuhusu Mswidi."

Lassiter akaangalia simu yake.

"Ulimkuta anajua kucheza," Marcella akasema. "Nilimfundisha mimi kuteleza, kwenye ziwa, nimemshika kiunoni. Baba yake marehemu alimfundisha kutazama mbali. Nyinyi mmemfundisha nini? Taja kimoja."

Akafunga vifungo vya koti. Mimi nilikuwa na maneno yangu mengi nimeyapanga tangu alfajiri, na sikusema hata moja. Tulimchukua mtoto tukaondoka. Kwenye korido watu walikuwa wanaanza kuingia na bakuli za bisi, wakatupisha.

Bosi mkuu alikuja, akaangalia vipindi viwili kati ya vitatu, akaondoka. Juni tarehe ya mwisho ya mkataba ikafika, simu haikulia. Hata kuambiwa "asante, kwaheri" hakuambiwa. Tulijua imepita kwa sababu kalenda ilisema imepita. Na siku chache baadaye mtu mmoja wa timu ile, hakutajwa jina, alinukuliwa redioni akisema kijana wa Harlan Bluff kipaji anacho, ila kujitoa ndiko kuna mashaka, na kulikuwa na mambo ya tabia. Mambo ya tabia! Nilikuwa naosha vyombo. Metro alikuja mbio kutoka ghalani akidhani nimejikata.

Kieran alikuwa ameshakwenda kwao. Kichwa kilimuuma mwaka mzima. Marcella alikuwa akiniambia kwenye simu: leo ametembea hadi ziwani, leo amesoma kurasa mbili, leo ameshindwa kuinuka. Kuna siku tulikuwa tunashika simu tu sisi wawili, kila mmoja anasikiliza mwenzake anavyopumua.

Mkutano mkuu wa timu ulipofika nilisimama mbele ya mji. Safari hii maneno yangu niliyatoa yote. Nilitaka mambo mawili: neno la daktari wetu liwe la mwisho kwa kila mtoto aliyeumia, asije kocha wala timu kubwa kulipindua, na mji umwombe Marcella Halkett radhi, kwa mtoto na kwa zile kelele za juu. Mtu mmoja alisema nitaua timu. Mwingine akasema timu kubwa zitatukimbia. La kwanza likapita kwa kura chache. La pili likakataliwa, eti mwanasheria ameshauri tusikiri kitu. Nilitazama wale niliokuwa nimekaa nao kanisani miaka yote, wameinua mikono kukataa kusema samahani, na wengine walishindwa kunitazama. Amundson hakuwepo. Alikuwa ameshapata kazi ya ukocha msaidizi, kule kusini, kwa Lassiter.

Lakini Kieran alipona. Polepole, madaktari wakamruhusu, akaingia chuo kikuu Saskatoon, anasomea ualimu, na akaanza kuchezea timu ya chuo. Huko ngumi ni marufuku kweli. Ukipigana unafukuzwa mchezoni. Mimi na Metro tulikwenda kumwona mchezo wake wa tatu. Alipata kisahani nyuma ya goli lake, akainua kichwa, akatulia, akakituma. Metro alinishika goti.

Likizo ya Februari alikuja kwetu, na Marcella akashuka kutoka kaskazini. Tulikuwa mezani simu yake ilipolia. Akaitazama namba, akatutazama, akaiweka katikati ya sahani, sauti ya juu.

"Kieran! Brent Lassiter hapa. Habari za siku nyingi, kijana wangu! Nasikia unang'aa huko chuoni. Sikiliza, mimi sasa ni makamu wa meneja mkuu, mambo yamebadilika. Tunataka uje kambi ya kiangazi. Tuanze upya. Milango ya familia iko wazi siku zote."

Marcella aliacha kutafuna. Mimi nilishakamata mwiko.

"Asante, bwana," Kieran akasema. "Sitakuja."

"Fikiria kwanza. Si kila mtu anapata nafasi ya pili."

"Nimefikiria. Uwe na siku njema." Akakata, akavuta bakuli la malai ya kuchovyea pirogi, akaendelea kula.

"Basi?" nikafoka. "Ndiyo hayo tu? Uwe na siku njema?"

"Nilitaka kumaliza kula, Mama Verna."

"Huyu mtoto umemlea vibaya," nikamwambia Marcella. "Adabu imemzidi."

"Ameitoa kwako," akasema, akicheka hadi machozi. "Kwangu hakuna adabu hiyo."

Nikaichukua ile simu nikaipigia namba ileile. Hakupokea; ikasema niache ujumbe. Nikaacha. Nilianza na ile hoteli ya mashariki, nikaja kwa mtoto wa Kislovakia aliyesema basi, nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye daktari wa video mashine ikanikatia. Metro alikuwa ameweka uma chini, anacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka.

"Piga tena," Marcella akasema. "Hujafika kwenye Mswidi."

Nikapiga tena.